Yuko Kazini

Katika ukoo wa mume wangu, wasifu wa kila marehemu huandikwa na mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka. Akifa mtu Muleba, simu inapigwa kwetu Kashai: "Shemeji, wewe si unaandikaandika? Tena upo tu nyumbani." Upo tu! Nina watoto wawili, mmoja ana miaka minne, mwingine hajafikisha miwili, na riwaya ninayoishika na kuiacha kila siku. Hilo "tu" nalichukia kuliko matusi.

Safari hii alifariki shangazi wa mume wangu, na kwa mara ya kwanza sikungoja kuombwa.

Alikuja kwetu nilipojifungua mtoto wa pili. Alikuja kwa wiki mbili, akakaa mwaka mzima. Kila asubuhi baada ya chai alinitua mtoto mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akaniambia, "Ingia, mwana wange. Hawa niachie mimi." Mlango aliufunga mwenyewe, akatandika mkeka mbele yake, akaanza kumenya ndizi. Tumepanga vyumba viwili, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mgeni akija kuniulizia, alijibu, "Yuko kazini." Mume wangu hajawahi kusema hivyo. Mama yangu mzazi hajawahi. Na shangazi hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vyangu, maana hakujua kusoma.

Basi pale msibani, chini ya turubai, mtoto akiwa mapajani ananivuta kalamu, niliandika kuzaliwa kwake, kubatizwa, kuolewa, ugonjwa. Halafu nikaandika: "Alilea watoto wa mwandishi ili kitabu kiandikwe, na uandishi huo yeye ndiye wa kwanza kuuita kazi." Nikampelekea kaka mkubwa wa mume wangu, mwenyekiti wa msiba. Alisoma amesimama. Akatoa kalamu mfukoni, akaikata sentensi yangu kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: "Alikuwa mama wa nyumbani, alipenda watoto."

"Shemeji, haya ya vitabu hayahusu msiba," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichemsha damu. "Mchungaji keshafika. Nakili upya, waitu, tafadhali, mwandiko wako unasomeka."

Nilimtazama mume wangu. Aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nilitaka kuichana ile karatasi mbele ya waombolezaji wote. Nilitaka kumuuliza shemeji ni nani aliyewalea wanawe yeye alipokuwa anasoma chuo, na kama huyo naye alikuwa anapenda watoto tu. Ndipo mtoto akaanza kulia njaa, kilio cha kurusha miguu, na watu wakageuka. Nikaangaza huku na huku nione nani atanipokea mtoto, nami niseme nilichotaka kusema. Macho yakaenda yenyewe kwenye jeneza.

Nikamnyonyesha. Nikaweka karatasi juu ya goti lililobaki wazi, nikanakili. Alikuwa mama wa nyumbani, alipenda watoto. Niliandika kwa mwandiko mzuri, bila kukosea hata herufi moja.