Aliyeteka Mji wa Bandari

Nilikokulia, kwa wakulima wa Masisi, maji tulichota. Kwa wakwe zangu, wafugaji wa vilima vya juu, walisema kuvoma. Neno kuteka halikuwa na kazi kwetu, na ndiyo maana habari ya mume wangu ilipofika niliibeba kama ilivyo, bila kuifungua.

Ilikuwa miaka ya vita ya Wazungu. Jeshi la koloni lilikuwa limemchukua mume wangu mpaka Abisinia, nchi niliyoijua kwa sababu ya Biblia tu. Siku moja nilishuka soko la Kirotshe kuuza siagi ya mama mkwe, nikakutana na askari mmoja, mtu wa kijiji cha Ntoto, aliyekuwa anarudi kwao na mguu mbovu. Alinipa ujumbe wa mume wangu: walifika mji mmoja wa bandari, mji ukaanguka, mume wangu akateka, na yu mzima. Akanishukuru kwa maji niliyompa, akaenda zake akichechemea. Sikumuuliza aliteka nini.

Niliyemuuliza ni katekista wetu, mtu wa Kiswahili cha vitabu. Alifurahi kama mtu aliyepewa mtihani anaouweza. Alinieleza kwamba kuteka mji ni kuuingia kwa nguvu za vita na kuufanya wako, na bandari ni mahali meli zinapofungwa. Meli niliyoijua mimi ni ile ya Ziwa Kivu, nayo niliiona kwa mbali. Lakini nilipofika nyumbani mji ule ulikuwa tayari na meli tele, na kila niliposimulia uliota ukuta mwingine. Sikudanganya, niliamini. Ila niliamini kwa mdomo mpana.

Mjue pia njaa yangu ilikuwa wapi. Mimi binti wa wakulima niliolewa boma la ng'ombe bila ng'ombe hata mmoja wa kwangu. Kila asubuhi niliomba maziwa ya watoto wangu kwa mama mkwe, na kila asubuhi alinipimia huku akiangalia pembeni. Sasa baba mkwe, mtu mgumu kuliko kamba ya ngozi, alisikia habari ya mji, akatangaza kwamba mwanawe akirudi atampa mtamba mwenye mimba. Nilianza kuamka mapema kwenda kumtazama mtamba yule. Nilimkatia majani mimi mwenyewe.

Mume wangu alirudi amekonda, na hasemi. Nilidhani ni uchovu. Baba mkwe aliwaita watu wa kilima chote, kwa sababu kwao mwanaume aliyetoka vitani lazima ajivuge: anasimama na mkuki mbele ya wazee, anataja matendo yake kwa maneno ya kukimbia, wenzake wanamwitikia, ndipo anapewa ng'ombe na maziwa yanazungushwa. Katekista alifungua kwa sala. Mtamba alifungwa pale pale kwenye mti wa ua, anatafuna. Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya.

Mume wangu alishika mkuki. "Niliteka," alianza, na wanaume wakaitikia kwa nguvu. Akanyamaza. Wakamwitikia tena, wakidhani amesahau. Akaegemeza mkuki ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na jirani.

"Niliteka maji. Bunduki sikushika hata siku moja. Batu ba Maniema tulibeba nabo mizigo, njo wanasema vile, kuteka maji."

Kicheko kilianzia kwa vijana kikafika kwa wazee. Wanawake niliowasimulia kuta na meli waligeuka wote kunitazama. Masikio yaliniwaka. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kitambaa changu. Hata hivyo nilimwona baba mkwe anacheka kidogo, na moyo wangu ukafanya hesabu yake: maji ni kazi pia, mtamba bado anaweza kuwa wetu. Nilimwomba Mungu mume wangu aketi.

Hakuketi.

"Lakini basoda, maaskari benyewe, wanasema Lingala," aliendelea. "Mu Lingala kuteka njo kuuzisha. Ile pia nilifanya."

Alieleza polepole. Mji ulipoanguka, askari walishika ukingo wa mto, maana bandari yenyewe ilikuwa ya mto, na watu wa mji wakakatazwa kushuka. Wapagazi peke yao ndio walipita na mapipa. Basi watu wa mji walikuja nyuma ya maghala na vyombo vitupu, na yeye na wenzake wakawapimia kwa kopo, kila kopo kwa kitu: nguo, chumvi, bangili. Kisha akatoa mfukoni msalaba mdogo wa fedha, wenye uzi mweusi. Mimi mkewe sikuwa nimeuona.

"Mama mumoja hakukuwa na kitu. Mutoto alikuwa ku mugongo, midomo imekauka. Akavua huu mu shingo. Nikapokea."

Hakuna aliyeitikia. Katekista alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Baba mkwe aliinuka, akafungua kamba, akamrudisha mtamba zizini bila kumtazama mwanawe. Watu wakaondoka mmoja mmoja, na chungu cha maziwa hakikuguswa.

Niliona aibu. Lakini aibu iliyonishika haikuwa ya yule mama wala ya mtoto wake. Niliona aibu ya kuchekwa, aibu ya kamba ile ikivutwa, aibu ya kurudi kesho yake na kibuyu mkononi.

Kesho yake nilirudi kweli, na mama mkwe alinipimia nusu. Nilimkuta mume wangu nje anachonga mpini wa jembe. Nilikuwa nimejaa hasira, nikamwuliza mbona hakunyamaza. Angesema maji tu, watu wangecheka, baba yake angetoa, na watoto wangekunywa.

Hakuinua macho.

"Kule nilisha kulipwa, mama. Ulikuwa unataka nilipwe tena hapa?"

Niliingia ndani na kibuyu changu, nikawagawia watoto ile nusu. Ndiyo, nilikuwa nataka.