Mashine Isiyojua Utani

Torika Nabou alichagua kazi ya kulinda mitandao kwa sababu hakupenda kuongea na watu. Aliniambia hivyo mwenyewe, mdomo umejaa gimbi, wiki aliyoajiriwa na kampuni moja ya meli ambayo jina lake silitaji kwa kuwa bado napanda meli zake. Mimi ni binamu yake, na nilimwonea wivu: ofisi ya ghorofa ya chini pale Walu Bay, feni inayozunguka, mvua ya Suva, mji wetu wa visiwani, nje, na kazi ya kukaa.

Akakaa miaka tisa. Kila siku kompyuta ilimletea tahadhari elfu tatu, na yeye na mwenzake Rohitesh walizisoma moja baada ya nyingine wakimtafuta mwizi. Karibu zote zilikuwa za karani aliyesahau nywila yake baada ya Jumapili ndefu. Ilikuwa kama kuchambua mchele wa harusi isiyofika.

Kisha wakurugenzi wakaenda Melbourne kwenye kongamano, wakalishwa vizuri, wakarudi na akili mnemba. Mashine ya kulinda mashine. Wauzaji walikuwa wamewaambia kwamba haichoki, haiendi msibani, wala haiugui ghafla Jumatatu baada ya fainali ya raga. Wakurugenzi, ambao wenyewe huugua sana Jumatatu hizo, wakavutiwa. Wakatangaza majaribio ya miezi mitatu. Ijumaa ya mwisho wangeketi kuamua kama vile viti viwili vya ghorofa ya chini bado vinahitaji makalio.

Ungetegemea Torika alie. Ana watoto watatu shuleni na mume ambaye amekuwa akijenga mashua moja tangu mtoto wa kwanza. Lakini siku mashine ilipowashwa, nasikia ukelele wake ulifika mpaka kwa wauza tiketi.

“Rohi! Njoo uone! Imemaliza!”

“Imemaliza nini?” Rohitesh alikuwa anamenya yai la chakula cha mchana.

“Tahadhari zote! Za wiki nzima! Hata yai hujamaliza kumenya!”

“Basi imetumaliza na sisi, dada yangu. Nipishe nile, nisife na njaa juu yake.”

Torika hakumsikia. Alikwisha vuta kiti. Kumbe mashine ile ulikuwa unaweza kuiuliza mambo kwa maneno ya kawaida, kama unavyomuuliza jirani mmbeya: nani kaingia leo kutoka mahali asipoingiaga? Nani anabeba mafaili mengi kuliko kawaida yake? Nayo inakujibu, tena inakuonyesha nyayo. Wiki ya pili wakagundua kwamba printa ya ofisi ya tiketi, kila mchana watu wakila, ilikuwa inazungumza na kompyuta isiyojulikana ya nchi za mbali. Printa! Torika alicheza juu ya kiti mpaka kikavunjika gurudumu. Kwa miaka tisa alikuwa mchambua mchele. Sasa alikuwa mwindaji, na mbwa aliyepewa alikuwa na pua ya ajabu.

Ila mbwa mwenyewe alikuwa amelelewa kwa watu wengine.

Ghorofa ya juu alikaa Mzee Isikeli Vosaki, mkuu wa safari, mwili kama kontena, mhubiri wa kanisani Jumapili na mtani wa Torika siku nyingine zote. Kijiji cha mzee, Nalotu, na kijiji cha Torika, Vunidoi, ni tauvu: mizimu yao ya kale ilikuwa ndugu, kwa hiyo vizazi vyao vinatukanana bila kununa, na mmoja akiomba kitu, mwingine hana ruhusa ya kukataa. Mzee Isikeli alikwisha chukua mwavuli wa Torika, kiti chake kizuri, na nguruwe mmoja wa Krismasi. Torika alikwisha chukua shati la mzee, naye mzee bado amelivaa.

Sasa mwezi wa kwanza wa majaribio mzee akasahau nywila. Akaandika kama alivyozoea: “Maiti wewe, nifungulie akaunti kabla sijashuka kukufukia mwenyewe pamoja na hiyo mashine yako. Nguruwe wenu nimeshamla.”

Mashine ikasoma. Ikawaka nyekundu. Ikaandika kwamba kuna tishio la kuua, kuna wizi wa mifugo uliokiriwa kwa maandishi, na kwamba imemfungia Isikeli Vosaki milango yote. Meli ya Taveuni ilikuwa gatini, abiria wamejaa, magodoro yamepakiwa, na mtu wa kuiidhinisha iondoke alikuwa ameshahukumiwa kama jambazi. Ilichelewa dakika arobaini.

Mzee alishuka ngazi moja moja, jengo likitetemeka.

“Nani kanifungia?”

“Mashine. Imeogopa uso wako.”

“Haijauona uso wangu!”

“Imesoma maandishi, ikaukisia.”

“We mwenye miguu ya kaa, iambie mimi ni mtani wako!”

“Mzee, imezaliwa Melbourne. Kule mtu akikwambia atakufukia, anamaanisha.”

Rohitesh alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Torika akaandikia mashine kanuni mpya kwa lugha nyepesi: Mzee Isikeli akinitukana, ni dalili ya afya. Mashine ikajibu kwa adabu kwamba imeelewa, matusi kutoka kwa Isikeli Vosaki kwenda kwa Torika Nabou si hatari. Kila mtu akarudi kazini ameridhika. Hakuna aliyefikiria kuifundisha upande wa pili wa jambo hilo.

Ikaja Alhamisi, siku moja kabla ya kikao. Mzee Isikeli alikuwa kwao Nalotu akimzika mjomba wake, mahali ambapo simu hushika mawimbi ukiwa umesimama juu ya kilima kilicho nyuma ya kanisa, tena upepo ukitaka. Saa nne asubuhi simu ya video ikaingia kwenye kompyuta ya Torika. Uso wa mzee ukajaa kioo, shati jeusi, macho mekundu ya msiba.

“Bula vinaka, Bibi Torika. Naomba radhi kwa kukusumbua kazini.”

Torika akanyoosha mgongo. “Bula, mzee. Poleni na msiba.”

“Asante sana. Simu yangu imeanguka mtoni. Natumia ya ndugu. Nakuomba kwa unyenyekevu unifungulie akaunti kwa namba hii mpya, ili niidhinishe meli ya saa sita ya Kadavu. Abiria ni mia tatu.”

Sauti ilikuwa yake, na ule mkwaruzo wa kooni baada ya usiku wa kunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, ulikuwepo. Pembeni mashine ilikuwa imeshamaliza kazi: uso ni wake, sauti ni yake kwa asilimia tisini na tisa, lugha ni ya heshima, hatari ni ndogo. Ikaweka kitufe cha kijani. Bonyeza.

Rohitesh akanong'ona, “Mfungulie, dada. Kesho kikao. Meli ikikwama leo kwa ajili yetu, tumekwisha.”

Torika aliniambia kwamba kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mtani ameomba, na mtani hanyimwi. Abiria mia tatu, nusu yao watu wa kwao Kadavu, wangemlaani kwa majina yake yote. Lakini mtu huyu amemwita Bibi. Ameomba radhi. Tangu amfahamu, Mzee Isikeli hajawahi kumwomba radhi hata siku alipoangusha kabati juu ya mguu wake.

Akaamua kumjaribu.

“We mzee,” akasema polepole, “nasikia mjomba wako amekufa kwa aibu ya kuwa na mpwa kama wewe. Mmemzika, au mmemsahau mkikimbilia chakula?”

Rohitesh akafunika uso kwa mikono miwili.

Kwenye kioo mzee akatikisa kichwa kwa upole. “Naelewa hisia zako, Bibi Torika. Nashukuru kwa uvumilivu wako.”

“Nini?”

“Nathamini sana ushirikiano wako katika jambo hili.”

Torika akapiga kelele kama aliyefunga goli. “Huyu si yeye! Rohi, huyu si yeye! Mtu wa Nalotu ananithamini! Lini?” Akabonyeza kitufe chekundu, uso ukapotea.

“Una uhakika?” Rohitesh alikuwa ameloa jasho. “Labda ni huzuni tu.”

“Huzuni gani inamfanya mtu awe na adabu?”

Ndipo nikwambie kile ambacho watu wanaoilaani mashine huwa hawakisimulii. Torika aliigeukia ile ile iliyompa kitufe cha kijani, akaandika: mtu huyu ni bandia, nifuatie nyayo zake. Mashine haikununa wala kujitetea, jambo ambalo hakuna mkurugenzi angeliweza. Ndani ya dakika nne ikawa imepitia kumbukumbu za miezi mitatu: akaunti ya karani aliyestaafu zamani ilikuwa imefufuka Jumanne, ikaingia kwenye ratiba, ikajua nani yuko msibani, na sasa ilikuwa inangoja ufunguo wa mkuu wa safari ili ifunge mfumo mzima wa meli na kudai fidia. Ikaonyesha hata mahali wezi walipoupata uso: mahubiri ya mzee ya Jumapili, saa sitini za video zilizowekwa mtandaoni na kanisa. Wezi walimfundisha Isikeli wao kutoka mimbarani! Watu wa mbali wasiojua kwamba mhubiri ana midomo miwili, mmoja wa Mungu na mwingine wa watani.

“Kazi hii ningeifanya wiki mbili,” Torika alisema, akifunga milango mmoja baada ya mwingine. “Wiki mbili, Rohi! Na wangekuwa wameshaondoka na meli!”

Saa tano na robo simu yake ikaita. Torika alikuwa amemtumia ujumbe mpwa wa mzee, naye akamburuta mzee mpaka kileleni.

“We maiti!” Upepo ulikuwa unapiga, pumzi imekata. “Unanipandisha mlima niko msibani? Meli ya Kadavu nilishaiidhinisha jana! Unataka nife ili urithi nini, mla kaa wewe?”

“Asante, Mungu,” alisema Torika, na machozi yakamtoka.

Ijumaa wakurugenzi waliketi. Mwenyekiti wao, Bi Lanieta, aliweka miwani puani.

“Kwa hiyo mashine ilishindwa.”

“Ilishindwa dakika moja,” Torika alijibu. “Halafu ikafanya kazi ya wiki mbili kwa dakika nne.”

“Basi tukikubakiza, tunakulipa kwa ile dakika moja?”

“Ndiyo, mama. Ile tu. Na mimi sijui itakuja siku gani, nyinyi je?”

Bi Lanieta akavua miwani, akatia saini. Viti vikabaki, ila kazi ikabadilika kabisa. Mashine ingesoma tahadhari. Torika na Rohitesh wangefanya kazi mbili: kuifundisha mashine watu wa humu ndani walivyo, na kuishambulia kampuni wenyewe kila wiki kabla mwizi hajaishambulia. Kwa maneno mengine, mwanamke asiyependa watu alilipwa kuanzia siku hiyo ashinde ghorofa hadi ghorofa, bakuli la yaqona mbele, akiuliza nani mtani wa nani. Akapenda! Nusu ya jengo hakuwahi kujua majina yao.

Wakurugenzi, kwa hekima yao, wakataka iandikwe Sera ya Matusi: kila anayepiga simu kwa mtani wake aanze kwa tusi lililoidhinishwa.

“Mwizi akiisoma hiyo sera, kesho atatutukana vizuri kuliko sisi,” alisema Torika.

Hawakumwamini. Akaamua awaonyeshe.

Jumanne, yeye na Rohitesh walimtengeneza Torika wa bandia. Wakamlisha uso na sauti yake, pamoja na miaka tisa ya jumbe zake kwa mzee, zote chafu. Saa nane mchana Torika huyo akampigia Mzee Isikeli simu ya video ghorofa ya juu, akamwita mzoga, akaulizia tumbo lake linajifungua lini, kisha akamwomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mzee. Dakika mbili hazikuisha. Mzee alikuwa anacheka huku anaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja.

Torika halisi akapanda ngazi mbio akiwa na karatasi, akasimama mlangoni.

“Nane, sifuri, tatu, tisa, moja, moja,” akasoma.

Mzee akamtazama. Akaitazama kompyuta, ambamo Torika mwingine alikuwa bado anaendelea kumtukana ukoo. Akamtazama tena wa mlangoni. Akaizima kompyuta.

“Mtani akiomba hanyimwi,” akasema kwa sauti ndogo.

“Najua, mzee. Ndiyo maana hukukosea.” Torika alikuwa anang'aa kama mtoto aliyewasha fataki. “Kwa hiyo Sera ya Matusi imekufa, sheria ni moja. Anayetaka kufunguliwa, ashuke kwangu kwa miguu yake. Asiyeweza kushuka, nitamtuma Rohi akamwone kwa macho. Sijali sauti, sijali uso, sijali matusi.”

“Ngazi ishirini na sita! Na goti hili?”

“Na goti hilo.”

“Utaniua, mwanamke.”

“Ukifa nitakuja msibani kukucheka. Sasa twende, ubadilishe nywila.”

Wakashuka pamoja, mzee ameshika bega lake, akimlaani kila ngazi, naye akimweleza kwa pupa, maneno yakigongana, jinsi wiki ijayo atakavyomtengeneza Bi Lanieta wa bandia.