Saa ya Mkono wa Kulia

Tangu mkewe, Elieth, alipozikwa, Mzee Zablon wa Sikonge alibakiwa na wenzi wawili wa jioni: redio na msokoto wa tumbaku. Tumbaku aliilima tangu ujana wake. Aliikausha mwenyewe katika bani, kibanda cha moto kilicho nyuma ya nyumba, na majani yaliyokataliwa na wanunuzi aliyasokota katika gazeti, akayavuta. Kikohozi kilipoanza kumwinamisha njiani kuelekea kanisani, daktari mmoja wa Tabora alimwambia pasipo kuficha kwamba mapafu yake hayatavumilia msimu mwingine wa moshi.

Bintiye Recheli, muuguzi huko Mwanza, alimletea saa ya mkononi iliyounganishwa na simu. Akamweleza kwa utaratibu: mkono wa kulia ukipanda kinywani tena na tena, kwa mwendo wa mvutaji, saa itatetemeka kumwonya, na habari itafika papo hapo katika simu ya Recheli. Kisha akapanda basi, akarudi kazini.

Waliounda saa ile hawakuufikiria ugali. Jioni ya kwanza Zablon alinawa, akamega tonge, akachovya, akala. Hakuwa amefika nusu ya sahani saa ilipotetemeka na simu ikalia.

"Baba, umeshaanza kuvuta?"

"Ninakula ugali, mama."

"Unakula na nani?"

"Na mlenda."

Recheli alicheka hadi akakohoa, na mzee akamuuliza kama naye siku hizi anavuta. Tangu hapo, kila baba alipokula, binti alipiga simu kuhakikisha, na maongezi yaliyoanzia kwenye kitoweo yakaishia kwa marehemu Elieth. Kiu ya tumbaku ilimtesa Zablon, kwani mazoea yana taabu. Lakini alitafuna karanga, akangoja wakati wa chakula.

Ndipo Recheli, kwa nia njema ya kumpunguzia baba usumbufu, alipoirekebisha programu ile ili saa isijali nyakati za kula. Simu ikanyamaza. Zablon alikula, akasikia mwiko wa jirani ukigonga sufuria.

Jioni moja aliingia banini, akaokota jani lililosalia, akalisokota. Akaketi kizingitini na kiberiti mkononi. Alijua kwamba akivuta, Recheli atapiga. Alikaa vile muda mrefu. Hatimaye akauweka msokoto chini, akauinua mkono mtupu hadi mdomoni, akaushusha, akauinua tena, taratibu kama mvutaji. Saa ikatetemeka.

"Baba," Recheli alisema, "umerudia?"

"Sijavuta, mama. Nimeinua mkono mtupu."

Nyuma ya Recheli kitanda cha wodini kilikuwa kikisukumwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho atapiga mwenyewe wakati wa chakula, pasipo saa kumwita.

Kesho yake Zablon aliivua saa, akaiweka kando ya simu. Alinawa, akafunua ugali, asimege. Mvuke ukaisha, ugali ukaota ganda juu. Simu ilipolia, nje giza lilikuwa limekwisha kuingia.

"Shikamoo, baba. Zamu imenichelewesha. Umekula na nini leo?"

"Marahaba. Bado sijala."

Recheli akamwambia ale, hatakata simu. Mzee akamega tonge lililopoa, akala, na binti akasikiliza.