Mtu wa Gunia Ukutani

Asubuhi hiyo nilitoka Tetu bila kuaga na bila kujua niendako. Nyeri nilidandia lori la viazi, na saa kumi likaniteremsha Nanyuki. Niliingia hoteli ndogo yenye vyumba vya kulala uani.

Ukutani palikuwa na picha ya rangi. Mtu ameketi, kichwa kimefunikwa gunia. Matundu ya gunia hayakuwa na macho. Katika kila tundu kulikuwa na nyumba inayoungua. Mikono ilitulia magotini, lakini kivuli chake kilikuwa kimeinua kidole. Anga lilikuwa la kijani, kama maji yaliyolala.

"Kijana, unakunywa chai ama unakunywa ukuta?" mama mwenye hoteli aliniuliza.

Wazee wawili mezani wakacheka. "Marehemu mume wake alijichora," mmoja akasema. "Wakati wa Emajensi ndiye alivaa gunia, akatuchongea."

Kwetu nani hajui gunia lile? Mlipangwa mstari na askari wa Mzungu, aliyejificha ndani yake akitikisa kichwa mbele yako, unapelekwa kizuizini.

Mama alibaki ameshika birika. "Kila siku husema hivyo. Na mwenyewe hakuniambia kitu mpaka akafa. Wewe humjui mtu hapa. Nisomee hiyo picha."

Niliacha shule darasa la nne. Sikujua kama picha husomwa. Nikasogea. Chini kabisa, chini ya masizi ya jiko, niliona ncha za vidole vya miguu, peku, vikimwelekea mtu wa gunia. Havikuwa vyake. Yeye alivaa buti.

"Hii ni miguu ya aliyechora," nikasema. "Amesimama kwenye mstari."

"Miguu hata mimi naweza kuchora," mzee yule yule akasema.

"Una hakika?" mama aliuliza.

Nilihitaji kitanda, na jibu alilolitaka lilikuwa wazi.

"Sina, mama. Lakini nikisimama hapa nahisi ninaogopa kuchaguliwa. Sihisi ninachagua."

Mzee aligeuza kiti, akaipa picha mgongo. Mama alichovya ncha ya leso kwenye maji, akapangusa vile vidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Chumba cha tatu," akasema bila kugeuka. "Mlango unakwama. Usukume na bega."