Nilivyoing'arisha Harusi ya Kinole

Kwa kuhariri video sina mpinzani Morogoro nzima, na nasema hivyo hata baada ya yaliyonikuta Kinole. Chumba cha bibi harusi kilikuwa na dirisha moja tu, na kamera niliiacha kwenye stendi ijirekodie. Picha zikatoka giza tupu. Nikarudi studio kwangu Kihonda, nikamkazia macho bibi harusi peke yake, nikaongeza mwanga mpaka hina ikaonekana.

Siku ya kuonyesha, ukoo mzima ulijaa sebuleni.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama wa bibi harusi. "Leo mtaona hata visivyoonekana."

Akacheka, ingawa tangu harusi alikuwa hasemeshani na wifi yake, aliyekabidhiwa sinia la bwana harusi, nalo likafika kwa wakwe bila mapaja ya kuku.

Bibi harusi akang'aa, vigelegele vikapigwa. Ghafla vikakatika. Nyuma yake, kwenye kona iliyokuwa giza, mtu kafunua sinia, anatafuna, begi la kamera begani.

Wifi mtu akanigeukia taratibu.

"Ongeza mwanga kidogo, mwanangu. Na paja nalo tulione."