Nilikimbia na Mkoba wa Mkwe Wetu, Nikauita Utani

Nimekosa, tena nimekosa kwa makusudi. Naanza na hilo kabla sijajitetea, maana najijua, nikipewa nafasi ndogo ya kujitetea nitajaza ukurasa mzima.

Mimi ni mwanaume wa makamo, Mnyamwezi wa hapa hapa Tabora, naishi Chemchem nyumbani kwa mama yangu. Nina gari dogo la kukodisha. Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Zuhura, ingawa si jina lake. Zuhura alipata mchumba Dar es Salaam, kijana wa Kizaramo, mtulivu, kila Ijumaa anampigia mama simu kumwamkia. Tulifurahi jamani! Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kwenda pwani. Ukisikia Mzaramo anaoa kwetu, nusu ya raha ya harusi ni kutaniana.

Mama wa kijana akasema atakuja mwenyewe kwa ndege kuleta posa. Baba mdogo wa kijana, anayeishi Nzega, angekuja kwa basi, wakutane kwetu saa kumi alasiri, wazee wakae wazungumze.

Sasa sikia kilichonichoma. Mama yangu alimwandalia yule mgeni chumba. Alipaka chokaa, akashona pazia, akanunua godoro jipya. Siku mbili kabla ya safari ujumbe ukaja kwamba mgeni atafikia hotelini, mjini kati. Mama alilikunja shuka alilokuwa ameshatandika, akalirudisha sandukuni.

Mimi nilichemka! Nikasema moyoni, huyu mwanamke wa Dar anatuona washamba. Nyumba yetu inamnukia nini?

Hakuna aliyenisikia. Nje nilikuwa nacheka tu, na ndiyo maana nikapewa mimi kazi ya kumpokea.

Ndege ilitua saa tatu asubuhi. Akatoka mama mfupi, mnene kidogo, amevaa baibui, anavuta begi kubwa la magurudumu, na begani ana mkoba wa bluu.

“Shikamoo mama,” nikamwambia.

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye kaka mtu? Mbona umekonda hivyo, Wanyamwezi mmeishiwa mihogo?”

Tukacheka. Alikuwa mcheshi, Mungu anisamehe. Begi nikaliweka kwenye buti. Nikaomba na ule mkoba, akaukumbatia kifuani.

“Huu niachie, naupakata.”

“Mama, kaa kwa raha, mwendo wenyewe robo saa. Nipe!”

Akasitasita, kisha akanipa. Nilikuwa nimeng’ang’ania, naye ni mgeni, hakutaka kunikatalia kitu cha kwanza nilichomwomba.

Njiani alinitania, nami nikamtania. Lakini kila aliposema “hotelini” nilihisi kisu. Tulipofika nikateremsha begi kubwa, nikafunga buti, nikarudi kwenye usukani.

“Mwanangu, na mkoba wangu?”

“Umekamatwa na Wanyamwezi!” nikapaza sauti mpaka dada wa mapokezi akatoka nje. “Babu zetu wamewabebea sana mizigo yenu. Leo mmoja unabaki. Ukiutaka, ukomboe kwa jogoo!”

Alicheka kwa kweli. “Haya mtani, jogoo utampata. Sasa lete.”

Nikawasha gari, nikaondoka.

Wenye utani wao wanajua. Kitu cha mtani unakikamata mbele ya macho yake, anapiga kelele, watu wanacheka, unakirudisha, mnakunywa chai. Hukimbii nacho! Tena huyu alikuwa anakuja kuwa mkwe, na mkwe kwetu ni mtu wa kumheshimu hata kwa jinsi unavyokaa mbele yake. Nilijua yote hayo. Nilitaka tu akae kwenye hoteli yake, ajue kwamba Tabora kuna wenyewe.

Hapo hapo mfanyabiashara mmoja akanisimamisha, anataka kwenda Igalula na katoni zake za sabuni. Nikakubali haraka. Na simu nikaizima. Naomba uisome mara mbili hiyo: nikaizima kwa kidole changu mwenyewe.

Nilikaa Igalula kuliko nilivyopanga. Mwenye katoni alikuwa na mazungumzo yake, mimi nikakaa kivulini nakula karanga. Nilikuwa na raha, lakini raha yenyewe haikutulia. Mara niinuke, mara nikae, mara niangalie buti. Kitu kilikuwa kinaniambia rudi, nami nakiambia bado kidogo.

Narudi mjini ni saa kumi na moja na nusu. Nikawasha simu. Zuhura amepiga mara kumi na tisa! Namba nisiyoijua mara sita. Nikampigia Zuhura, analia. Wazee wamekaa kwenye mkeka tangu saa kumi, pilau imepoa, mgeni hajaja, simu anapokea na kusema “nakuja” lakini haji. Baba mdogo kutoka Nzega ameondoka kwa hasira, amesema hajawahi kukalishwa kama mtoto.

Nikaenda hotelini mbio. Nikagonga.

“Nani?”

“Mimi, mama. Nimeleta mkoba.”

Mlango ukafunguka kidogo. Nikaona mkono tu, na nyuma yake kanga mbili zilizofuliwa zimeanikwa dirishani. Nikasikia na harufu. Nilisikia, sitasema uongo. Akauchukua mkoba, akafunga mlango.

Nilisimama ujiani nje ya chumba chake nikiwa sijui niende au nibaki. Baada ya muda akatoka amevaa vizuri, amejipaka manukato, macho mekundu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki pale ujiani, akanionyesha kingine.

“Kaa, mwanangu. Nikwambie kitu, kisha usimwambie mtu.”

Akaniambia kwamba uzazi wa huyu kijana wake, mchumba wa Zuhura, ulimwachia jeraha. Alikaa na uchungu siku nyingi kabla ya kufikishwa hospitali, na tangu siku ile haja ndogo haizuiliki. Amefanyiwa upasuaji, haikupona yote. Kwenye mkoba mlikuwa na pedi zake za watu wazima na dawa zake. Aliyokuwa ameivaa kutoka Dar haikufika hata adhuhuri.

“Ungemtuma dada wa hapa akakununulie,” nikasema, mjinga mimi.

“Nimwambie mtoto wa watu nini? Mwanangu mwenyewe hajui.”

Kisha akasema jambo linaloniamsha mpaka leo. “Niliambiwa mama yenu amenunua godoro jipya. Sasa mimi ningeliacha katika hali gani lile godoro la watu?”

Jamani!

Nikainama. Nikasema, “Mama, ulikuwa utani.”

“Saa ya kwanza nilijua ni utani, nikacheka peke yangu humu ndani. Saa ya nne nikasema, huyu ana jambo na mimi. Ungeniuliza, mwanangu. Ningekutafutia jibu.”

Aliondoka kesho yake. Hakunisema kwa mtu. Kwa mama yangu alisema ndege ilimchafua tumbo. Lakini kijana wake alikuwa amempigia simu mchana ule na kumsikia analia, hakuambiwa sababu, akaongeza na aliyoyasikia kwa baba yake mdogo, akaamua kwamba sisi tumemdhalilisha mama yake. Akamwuliza Zuhura, “Mlimfanyia nini mama?” Zuhura hajui. Wakagombana. Posa ikafia hapo.

Nyumbani waliponiuliza, nilisema nilimfikisha salama na mizigo yake yote, simu iliisha chaji. Uongo juu ya uongo!

Mdogo wangu sasa anajilaumu. Anasimama mbele ya kioo, anauliza kama ni rangi yake, kama ni elimu yake, kama ni nyumba yetu. Wiki iliyopita ameniuliza, “Kaka, wewe ulikaa naye garini. Alisema nini juu yangu?”

Nikamjibu, “Hakusema kitu.”

Silali vizuri, sili vizuri, nikiegesha gari naondoka tena bila abiria. Kila mara najiambia siwezi kumwambia Zuhura kwa sababu nilimwahidi yule mama. Hata hapa nimebadilisha mambo mengine ili asijulikane. Lakini nilipokuwa naandika nimeona kitu, na aibu imenishika upya. Kwanza nilijificha nyuma ya utani. Sasa najificha nyuma ya ugonjwa wa mama wa watu! Ya kwake ni siri. Yangu si siri, ni woga. Naweza kusema niliuchukua mkoba kwa hasira, nikazima simu, nikamfungia mgeni chumbani siku nzima. Kilichokuwemo ndani si changu kukisema.

Wewe unayekwenda kumpokea mgeni, iwe kiwanjani au stesheni, nakusihi. Mgeni akikwambia huu niachie, mwachie. Akitaka kulala pengine, mwache alale pengine, huijui sababu yake. Na ukiwa na kinyongo kiseme kwa jina lake, usikivishe utani, maana anayecheka mbele yako anaweza kuwa anakuomba.

Zuhura yuko uani anaanika nguo. Naweka kalamu chini, natoka kumwambia kwamba ni mimi.