Dobi Anayefua Hewani

Saa kumi na moja alfajiri, ndala zinakwaruza sakafu. Shwaa. Kimya. Shwaa.

Mume wa Mama Pasi, fundi viatu mstaafu, hageuki kitandani. Zamani sauti hiyo ingemtoa mbio, akidhani mkewe amepotea tena akitafuta mlango wa choo. Sasa anajua: mkewe anaanika shuka zisizokuwepo.

Mikono inapanda taratibu, magoti yamelegea, uzito unahama mguu hadi mguu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Ni taichi, mazoezi ya polepole yenye asili ya Uchina.

Mama Pasi, mwenye miaka sabini na mmoja, ni dobi. Miaka miwili iliyopita alianza kusahau. Alipiga pasi shati lile lile mara tatu, kisha akampa mteja mfupi suruali ya bwana harusi.

"Alirudi ameishikilia kiunoni, miguu haionekani," anasema, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Akaniuliza, 'Bibi, umerefusha nguo au umenifupisha mimi?'"

Binti yake hakucheka. Alitaka kazi ifungwe. "Niliogopa ataunguza nyumba," anasema.

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemkaribisha kwenye darasa la taichi la wazee. "Sikumwahidi kupona," anasema. "Nilimwambia huenda mazoezi yakapunguza kasi ya kusahau. Mwili unasogea, na akili inatafuta kinachofuata."

Hicho kinachofuata ndicho kilichomshinda. Wenzake wakienda kushoto, yeye kulia. Alikaribia kuacha, hadi siku moja akajisemea kwa sauti: "Loweka. Fikicha. Suuza. Kamua. Anika." Mikono ikafuata yenyewe.

Muuguzi alimtazama, kisha akaliambia darasa zima lifue hewani kama yeye.

"Nyumbani sijawahi kufua hata soksi," anasema mwashi mstaafu anayesimama nyuma yake. "Mke wangu akiniona hapa, nimekwisha."

Wateja nao hawakumkimbia. Kila nyumba ilianza kufunga uzi wa rangi yake kwenye nguo. "Sikumwomba mtu," anasema Mama Pasi. "Wamenisitiri tu. Nitawalipa nini?"

Leo binti yake ameketi kando ya meza, macho kwenye mafurushi. Walikubaliana: siku mama atakapochanganya nguo asijue, pasi itazimwa.

Mama Pasi anafunga furushi la mwalimu. Anasita. Anafungua fundo na kuchomoa blauzi moja.

"Hii siyo yake. Mwalimu ni uzi wa kijani."

Binti anainama kidogo, anajipangusa uso kwa kanga. Kisha anamsogezea pasi. "Haya mama, itapoa."

Mjukuu wake anaanza shule mwakani. Mama Pasi anataka sare ile ya kwanza aipige pasi mwenyewe, na ajue ni ya nani.

Mlangoni anamshika mkono mgeni aliyekuja kuandika habari zake, hauachii upesi.

"Uje tena. Nikikuuliza wewe ni nani, usiende zako. Nitajie jina tu, nikupe kiti."